Neno "peruse" katika Kiingereza rasmi: mwongozo kamili wa kulielewa, kulitumia na kulitafsiri

Mtu anayepokea mkataba wa ajira, hati ya mahakama au barua ya benki iliyoandikwa kwa Kiingereza hakosi kukutana na kitenzi peruse, au nomino yake perusal. Neno lenyewe ni fupi, lakini mahali linapotumika huwa pana uzito. Anayeombwa a-peruse waraka anaombwa ausome wote kwa utulivu, kifungu kwa kifungu, na anayetia saini chini ya sentensi inayosema kwamba ame-peruse masharti anakiri kwa maandishi kwamba ameyasoma na hatakuja kudai baadaye kwamba hakuyaona.

Ugumu kwa wazungumzaji wa Kiswahili, hasa Tanzania, ni kwamba neno hili limekwisha kuingia katika mazungumzo yetu likiwa na maana nyepesi zaidi. Tunasema kijana anaperuzi simu yake akisubiri daladala, au kwamba mtangazaji anaperuzi kurasa za mbele za magazeti ya asubuhi. Kuperuzi huko ni kupitisha macho, kugusa hapa na pale, na kusimama panapovutia. Msomaji aliyezoea maana hiyo akikutana na peruse katika hati ya Kiingereza huielewa hati kwa wepesi uleule, na hapo ndipo madhara huanza. Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua namna ya kulitambua neno hili katika maandishi, kulitumia bila kukosea, na kulihamishia katika Kiswahili bila kupoteza uzito wake.

Hatua ya kwanza: shika maana ya msingi

Neno hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni per-, kiambishi chenye asili ya Kilatini kinachobeba hapa wazo la kufanya jambo kabisa, hadi mwisho wake. Ya pili ni use, yaani kutumia. Lilipoanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 15, lilikuwa na maana ya kutumia kitu hadi kiishe au kichakae. Baadaye likaanza kutumiwa kwa kupitia mambo moja baada ya jingine kwa kuyachunguza, na kutoka hapo likahamia kwenye kusoma. Anayekumbuka njia hiyo hasahau maana: aliye-peruse barua ameimaliza barua, na hakuna kilichobaki ndani yake ambacho jicho lake halijakifikia.

Zamani tendo hili halikuhusu maandishi peke yake. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa na Shakespeare takriban mwaka 1600, Ophelia anamsimulia baba yake jinsi Hamlet alivyomshika kifundo cha mkono, akarudi nyuma kwa urefu wa mkono wake, kisha akaukazia macho uso wake kana kwamba anataka kuuchora. Neno analolitumia Ophelia kwa huko kukazia macho ni perusal. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri kama huo kiini cha neno hili, kwa sababu mchoraji hatazami uso kwa jumla. Hutazama mkunjo wa ngozi, kivuli kilicho chini ya jicho na pembe ya mdomo. Leo matumizi ya namna hiyo yamepungua sana, na kinachofanyiwa tendo hili kwa kawaida ni maandishi: mkataba, ripoti, jalada, rasimu, orodha.

Hatua ya pili: fahamu maana zake zinazogongana

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hufundishwa sehemu moja tu ya habari hii. Walimu wengi wa Kiingereza husema kwamba peruse maana yake ni kusoma kwa makini, basi, na kwamba anayelitumia kwa maana ya kupitia harakaharaka amekosea. Kauli hiyo ni ushauri mzuri kwa mwandishi, lakini si maelezo kamili ya lugha ilivyo. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu iliyochapishwa London mwaka 1755, alitoa maana ya kwanza ya peruse kuwa kusoma tu, bila kutaja umakini wowote, kisha akaongeza maana ya kuangalia na kuchunguza. Kwa hiyo tangu zamani neno hili limeweza kusimama mahali pa "soma" la kawaida pale mwandishi alipotaka sauti ya heshima zaidi.

Kutokana na matumizi hayo mapana, maana ya tatu ikaota: kupitisha macho bila kuzama. Kamusi ya Merriam-Webster inaorodhesha maana zote, ile ya kuchunguza kwa undani na ile ya kutazama kijuujuu, ingawa zinapingana. Katika Kiingereza cha kila siku, mgeni hotelini anaweza ku-peruse orodha ya vyakula, na mteja dukani anaweza ku-peruse rafu za vitabu. Watu hawa hawachunguzi kama mahakimu, wala hawapuuzi. Wanapitia taratibu, bila haraka, wakichagua.

Basi msomaji atajuaje maana iliyokusudiwa? Aangalie kwanza aina ya waraka. Katika mkataba, hukumu, zabuni, ripoti ya ukaguzi au barua ya kiofisi, achukue maana ya kusoma kwa makini na asiiache mpaka apate sababu ya kuiacha. Katika makala ya burudani, tangazo la biashara au simulizi ya safari, maana nyepesi ina nafasi kubwa zaidi.

Kisha aangalie maneno yanayoandamana nalo. Mwandishi anaposema "I have carefully perused the report", kielezi carefully kinathibitisha umakini. Wapo wanaodai kwamba kielezi hicho hakihitajiki kwa kuwa umakini tayari umo ndani ya kitenzi. Mimi naona kinahitajika, kwa kuwa maana ya kitenzi imelegea na mwandishi mwangalifu hataki kuacha mwanya. Kinyume chake, vielezi kama quickly au briefly vinaonyesha kwamba neno limetumiwa kwa maana ya kupitisha macho.

Kuna fungu moja la maneno linalohitaji uangalifu wa pekee, nalo hujitokeza mara nyingi katika hukumu za mahakama zetu za Afrika Mashariki: "A cursory perusal of the record reveals that…" Cursory maana yake ni wa kijuujuu, na msomaji mgeni anaweza kudhani kwamba jaji anakiri kuwa hakusoma vizuri. Sivyo. Jaji anasema kwamba kasoro iliyomo katika kumbukumbu za shauri ni dhahiri kiasi kwamba hata anayezipitia kwa mara moja ataiona. Ni hoja dhidi ya upande uliodai kwamba kasoro hiyo haipo, na anayesoma hukumu hiyo kwa niaba ya mteja anapaswa kuielewa hivyo.

Hatua ya tatu: tenganisha peruse na kuperuzi

Kuperuzi ni neno halali la Kiswahili cha leo na hakuna sababu ya kulionea haya. Lilikopwa, likavaa sauti zetu, likapata kazi yake, na kazi hiyo ni kupita katika mitandao, magazeti au picha bila lengo kali. Kosa ni kulirudisha katika Kiingereza na maana hiyo. Ukimwandikia mkuu wa idara kwamba ume-peruse taarifa ya fedha, atatarajia kwamba unaweza kujibu maswali yaliyomo ukurasa wa mwisho. Ikiwa ulichofanya ni kuiperuzi kwa Kiswahili, basi kwa Kiingereza ulifanya skim, au browse, au glance through, na ukweli unataka utumie mojawapo ya hayo.

Jambo hilo hufanya kazi pia kwa upande wa pili. Mfasiri anayeiona peruse katika fomu ya ridhaa ya hospitali akaandika "nimeperuzi maelezo haya" amempa mgonjwa ruhusa ya kutosoma, wakati fomu ya Kiingereza ilimtaka asome yote kabla ya kukubali kupasuliwa.

Hatua ya nne: sarufi, tahajia na matamshi

Peruse ni kitenzi elekezi, yaani huchukua yambwa moja kwa moja bila kihusishi katikati. Inasemwa "peruse the document", wala haihitaji through baada yake. Katika ofisi nyingi za kwetu utasikia "peruse through the document", kwa kufuata mfano wa go through na look through, na mazoea hayo yameenea kiasi kwamba wengi hawayaoni. Katika maandishi rasmi yaondoe.

Nomino perusal hufuatwa na of inapotajwa kinachosomwa, kama katika "upon perusal of the file", na hutanguliwa na for pale waraka unapotumwa kwa mtu ausome, kama katika "for your perusal". Si kawaida kusema "do a perusal". Kitenzi chenyewe kinatosha.

Kuhusu matamshi, mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati. Mkazo wa neno peruse uko kwenye silabi ya pili, herufi s hutamkwa kama z, na irabu ya silabi hiyo ni ndefu, kama ile inayosikika katika neno "kuu". Peruzi yetu nayo ina mkazo kwenye -ru- na ina z, kwa hiyo sikio limekwisha kuzoea. Kinachobaki ni kulegeza irabu ya kwanza na kuacha i ya mwisho. Katika perusal mkazo unabaki palepale, kwenye silabi ya pili.

Katika tahajia, jihadhari na pursue, ambalo ni neno jingine kabisa lenye maana ya kufuatilia au kufukuzia. Persue halipo katika Kiingereza, ingawa huonekana mara nyingi katika barua. Programu ya kusahihisha tahajia hailiandami kosa lako ukiandika pursue mahali pa peruse, kwa sababu yote mawili ni maneno sahihi, na barua inayosema "please pursue the attached contract" itamwacha mpokeaji akijiuliza anatakiwa kufanya nini.

Hatua ya tano: kulitumia katika barua na ripoti zako

Fungu "for your perusal" limekuwa desturi katika barua za maombi ya kazi na barua za kiofisi Kenya, Uganda na Tanzania, kama lilivyo India, ambako mara nyingi huongezwa kind na kuwa "for your kind perusal". Halina kosa la sarufi. Hata hivyo linafaa kupimwa kabla ya kutumiwa. Unapomwambia mwajiri kwamba wasifu wako umeambatishwa for your perusal, unamwambia autumie muda mrefu kuusoma neno kwa neno, ilhali unajua ana mamia ya maombi mezani. "For your consideration" linasema unachotaka hasa, yaani afikirie kukupa nafasi. Kwa mwenzako wa ofisini, "please read" au "please review" yanatosha, na ya pili ina faida ya kuonyesha kwamba unataka maoni.

Mahali ambapo peruse linafaa kweli ni pale unapotaka kuweka kumbukumbu kwamba usomaji kamili umefanyika au unatakiwa ufanyike. Wakili anayemwandikia mteja, mkaguzi anayeeleza nyaraka alizozipitia kabla ya kutoa maoni, mjumbe wa bodi anayethibitisha kwamba amesoma makabrasha ya kikao: hawa wana haja ya neno lenye uzito huo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu naye anaweza kulitumia akieleza alivyozipitia nyaraka za kumbukumbu, mradi awe amezipitia kweli.

Ukihitaji kuonyesha viwango vingine vya usomaji, Kiingereza kinayo maneno ya kutosha. Study ni kusoma ili kujifunza, examine ni kuchunguza ili kubaini hali, scrutinise ni kuchunguza ukitafuta kasoro, na skim ni kupitisha macho ili kupata wazo kuu.

Hatua ya sita: kulitafsiri kwa Kiswahili

Chaguo salama zaidi ni "soma kwa makini". Katika lugha ya mahakama na ofisi "pitia" limekubalika sana, lakini lina udhaifu wa kutumika pia kwa kupita tu, kwa hiyo uliongezee "kwa makini" au "yote" pale ambapo hati inamfunga mtu. "Durusu" ni zuri katika mazingira ya masomo, ila mhariri wa vitabu hulisoma kwa maana ya kurekebisha, kama tunavyosema toleo lililodurusiwa. "Talii" hapo zamani lilibeba maana ya kusoma na kuchunguza kwa undani, lakini tangu utalii uwe biashara, anayeliona katika mkataba atafikiria mbuga za wanyama. "Kagua" na "chunguza" yanamwongezea msomaji kazi ya kutafuta makosa, kazi ambayo peruse peke yake haimpi.

Tazama sentensi mbili. "Upon perusal of the court file, I note that the affidavit was not dated" inaweza kuandikwa: "Baada ya kupitia jalada la shauri, nimebaini kwamba hati ya kiapo haikuwekewa tarehe." Hapa "kupitia" linatosha, kwa sababu matokeo yenyewe yanathibitisha kwamba jalada limesomwa. Ya pili, "Kindly peruse the attached draft and revert by Friday", inaandikwa: "Tafadhali soma kwa makini rasimu iliyoambatishwa, kisha utujulishe maoni yako kufikia siku ya Ijumaa." Revert katika Kiingereza cha ofisi zetu ni kujibu, na anayelitafsiri kama kurejea atamfanya mpokeaji afunge safari.

Hitaji la tafsiri sahihi limeongezeka Tanzania tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu zilizokuwa zikisema "I have perused" sasa zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na namna jaji anavyoieleza kazi yake ya kusoma ushahidi itaamua kama mwenye shauri ataamini kwamba amesikilizwa.

Hatua ya saba: unapolikuta juu ya mstari wa saini

Katika masjala za mahakama perusal ni kazi yenye utaratibu wake. Mdaawa au wakili huomba jalada, hulipa ada pale inapotakiwa, hukaa nalo chini ya uangalizi, na kulisoma bila kuondoka nalo. Nchini Kenya, katika viwango vya malipo ya mawakili, kusoma nyaraka ni kazi inayohesabiwa na kulipiwa kivyake, tofauti na kuandika nyaraka au kuhudhuria mahakamani. Sheria, kwa maneno mengine, inalichukulia tendo hili kama kazi halisi ya kitaaluma.

Mwananchi asiye na wakili hukutana na neno hili zaidi katika mikataba. Chukua mkataba wa upangaji wenye sentensi hii: "The Tenant hereby confirms that he has perused and understood the terms of this Agreement and the Schedule annexed hereto." Kwa Kiswahili: mpangaji anathibitisha kwamba amesoma kwa makini na kuelewa masharti ya mkataba huu pamoja na jedwali lililoambatishwa. Kuna mambo matatu humo. Amesoma, ameelewa, na kusoma huko kumegusa karatasi mbili tofauti, mkataba wenyewe na jedwali. Mara nyingi jedwali ndilo lenye viwango vya kodi, kiasi cha amana, orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya nyumba na gharama za ukarabati, na ndilo karatasi ambayo husahaulika kuletwa mezani.

Uzito wa kukiri kwa namna hiyo ulionekana Uingereza katika shauri la L'Estrange dhidi ya Graucob, lililoamuliwa mwaka 1934. Mwanamke mwenye mgahawa katika mji wa Llandudno, Wales, alinunua mashine ya kuuzia sigara na kutia saini fomu ya oda bila kusoma maandishi madogo yaliyokuwamo. Mashine ilipoharibika na yeye kudai haki yake, kifungu kilichokuwa katika maandishi hayo kilimwondolea muuzaji dhamana. Mahakama iliamua kwamba saini yake ilimfunga, asome asisome, kwa kuwa hapakuwa na udanganyifu wala upotoshaji. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo huo wa sheria, na msingi kwamba saini humfunga aliyeiweka unajulikana vyema katika mahakama zake.

Kwa hiyo ukiikuta sentensi yenye perused juu ya mstari wa saini, hesabu kwanza kurasa na uhakikishe kila kiambatisho kilichotajwa kipo mbele yako. Omba nakala uende nayo nyumbani. Mwenye nyumba au mwajiri mwaminifu hana sababu ya kukunyima usiku mmoja. Wekea alama kila neno usilolielewa na uulizie maana yake kwa mtu asiye na maslahi katika mkataba huo, si kwa dalali anayesubiri kamisheni. Jedwali likiwa halipo, usikubali kuambiwa kwamba litaletwa baadaye. Ama liletwe lisomwe na lisainiwe siku hiyohiyo, ama maneno yanayolitaja yafutwe katika sentensi hiyo, na pande zote mbili ziweke saini fupi pembeni ya mahali palipofutwa kabla ya saini kamili kuwekwa chini.